Hesabu ya Manufaa katika Kinjeketile: Nani Hulipa?

Falsafa ya manufaa, kama ilivyofafanuliwa na Jeremy Bentham mwaka 1789 na kuendelezwa na John Stuart Mill mwaka 1861, hushikilia kwamba tendo jema ni lile lizaalo heri kubwa zaidi kwa jumla ya wote linaowagusa. Kwa mizani hiyo, hata uwongo hupimwa kwa matokeo yake. Makala haya yanadai kwamba tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), huitia mizani hiyo majaribuni, na kwamba uhakiki unaoishia kumsifu mhusika mkuu kwa uamuzi wake wa mwisho hulikwepa jaribio lenyewe.

Kiini cha mgogoro ni imani katika maji. Imani hiyo ndiyo inayowaunganisha watu wa makabila mbalimbali dhidi ya Wajerumani. Pasipo imani hapana umoja, na pasipo umoja hapana ukombozi. Hata hivyo, ikiwa maji hayana nguvu, wapiganaji watazikabili bunduki za rashasha wakiamini kwamba risasi haziwezi kuwadhuru. Kinjeketile mwenyewe anaingiwa na shaka. Akisema, ataubomoa umoja. Akinyamaza, atachangia vifo.

Hatimaye, akiwa kifungoni, anakataa kuyakana maji. Hoja yake ni kwamba akiyakana, vizazi vijavyo vitaambiwa kuwa waliopigana walikosea. Hii ni hoja ya manufaa, ila uwanja wa hesabu umepanuliwa hadi ukawaingiza wasiozaliwa. Hapa ndipo penye utata. Heri ya vizazi visivyo na kikomo yaweza kufidia hasara yoyote ile. Wanahistoria hukadiria kwamba Vita vya Maji Maji (1905–1907) viliangamiza watu kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Hesabu ya namna hii haitikiswi hata na idadi hiyo.

Yaweza kujibiwa kwamba Hussein mwenyewe, katika utangulizi, amemtenga mhusika wake na Kinjeketile wa historia, na kwa hivyo si haki kumtwisha mhusika wa kubuni wafu wa kweli. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, wajukuu wanaotajwa katika hoja yake ni sisi wasomaji. Tunapouita uamuzi wake ushujaa bila kusita, tunahukumu tukiwa upande wa wanaofaidi. Waliokubali maji walikubali vita ambamo risasi haziui; vita walivyopigana havikuwa hivyo, na ridhaa yao haikuombwa upya.

Falsafa ya manufaa yaweza kueleza kwa nini Kinjeketile anakataa kuyakana maji. Isichoweza kueleza ni mateso ya nafsi yake, kwani ikiwa jumla ni sahihi, hapana deni lililosalia. Tamthilia inaonyesha kwamba deni limesalia, na mhakiki hana mamlaka ya kulifuta kwa niaba ya wafu.