Kuweka Kipandikizi ni Rahisi, Kazi Iko Kwenye Kukitoa

Kumwekea mwanamke kipandikizi cha kupanga uzazi aina ya Implanon NXT ni kazi ya dakika chache. Kifaa hutoka kiwandani kikiwa na kijiti ndani yake tayari. Muuguzi anasafisha mkono, anadunga ganzi, anaiinua ngozi kwa ncha ya sindano, anaisukuma sindano yote ndani, anarudisha kitelezi nyuma, imekwisha. Kwa kukitoa hakuna kifaa cha namna hiyo. Kuna kisu kidogo, koleo lenye ncha iliyopinda na vidole vya muuguzi, na ugumu wa kazi uliamuliwa zamani na mtu mwingine: yule aliyekiweka, na kina alichofika siku ile.

Mhudumu wa Molo au Naivasha, katika kaunti ya Nakuru, anapomwambia mama aliyekuja kutolewa kijiti arudi wiki ijayo, ni rahisi kumwona mkaidi. Wapo wakaidi, na nitawafikia. Lakini wengi wamebanwa na mpango uliofundisha, ukanunua na kusifia upande mmoja tu wa huduma.

Tuanze na mkono wenyewe. Mama analala chali, kiwiko kimekunjwa, kiganja kiko karibu na kichwa. Muuguzi anapapasa upande wa ndani wa mkono wa juu mpaka azipate ncha zote mbili za kijiti. Akibonyeza ile iliyo upande wa bega, ya upande wa kiwiko inainuka chini ya ngozi, na hapo anatia alama. Ganzi kidogo ya lignokeini inaingia chini ya ncha hiyo. Ikidungwa juu yake, ngozi inavimba na kijiti kinapotea vidoleni. Kisha anachanja milimita 2 hivi, kwa kufuata urefu wa mkono, na kukisukuma kijiti kuelekea kwenye tundu. Kama kiliwekwa vizuri, ncha nyeupe inachungulia, anaishika kwa koleo na kuivuta.

Mara nyingine haichungulii. Mwili umekwisha kukizungushia utando mwembamba mgumu, kama ule ulio ndani ya ganda la yai, na muuguzi hana budi kuukwangua taratibu mpaka kijiti kiwe wazi. Hapo ndipo mkono usiozoea unapoanza kutetemeka, kwa sababu mama yuko macho, anauliza mbona inachukua muda, na damu inaziba tundu. Kikishatoka kinapimwa. Implanon iwe na sentimita 4 kamili. Jadelle, aina nyingine ya kipandikizi, ni vijiti viwili, kila kimoja sentimita 4.3. Kipande kikibaki ndani, kazi haijaisha.

Hayo ni ya kijiti kinachopapasika. Kisichopapasika kina kanuni moja ambayo haina mjadala: usichanje kabla ya kujua kiliko. Kijiti kilichozama kinaweza kuwa ndani ya msuli, au karibu na neva na mishipa mikubwa ya damu inayopita kwenye mfereji kati ya misuli ya mbele na ya nyuma ya mkono. Mwongozo wa sasa wa Implanon NXT umekisogeza kijiti nyuma ya mfereji huo kwa sentimita 3 hadi 5, sentimita 8 hadi 10 juu ya mfupa wa ndani wa kiwiko, ili kukwepa hatari hiyo. Lakini wanawake waliowekewa kwa mwongozo wa zamani bado wanakuja.

Namna ya kukitafuta inategemea aina. Implanon NXT ina bariamu, kwa hiyo inaonekana kwenye eksirei. Implanon ya kwanza haionekani huko kabisa. Altrasaundi huziona zote mbili, ila kwa kichwa bapa cha masafa ya juu, kinachoona vizuri vitu vilivyo karibu na ngozi. Kile kilichopinda kinachotumika kuangalia mimba kimetengenezwa kuona mbali ndani ya tumbo, na kwa mkono hakifai sana. Kwa hiyo kituo kinaweza kuwa na mashine ya altrasaundi na bado kikashindwa kukipata kijiti. Mama wa Olenguruone aliyepewa rufaa anateremka kutoka milima ya Mau mpaka mjini Nakuru kwa nauli yake, na pengine siku hiyo anaishia kupigwa picha tu.

Naivasha ina ugumu wake. Mashamba ya maua kando ya ziwa yamevuta wafanyakazi kutoka magharibi mwa nchi, Nyanza, Kisii na kwingineko. Mwanamke anayeishi Karagita huenda aliwekewa kijiti kwao kabla ya kuhamia huku, kadi imepotea, hakumbuki kama ni cha miaka mitatu au mitano. Anayemtolea ni muuguzi ambaye hakukiweka, hajui kilivyowekwa, na hana wa kumpigia simu.

Sasa tuangalie hali hii ilivyojengwa. Baada ya mkutano wa London wa mwaka 2012 kuhusu uzazi wa mpango, watengenezaji walikubali kushusha bei kwa nchi maskini. Jadelle ilishuka kutoka dola 18 hivi hadi 8.50 mwaka 2013. Lilikuwa jambo jema, na Kenya ililipokea kwa mikono miwili. Utafiti wa kitaifa wa 2008-09 ulikuta asilimia 2 hivi ya wanawake walioolewa wakitumia vipandikizi. Mwaka 2014 wakawa 10, na mwaka 2022 wakafika 19, karibu sawa na wale wa sindano. Kila kijiti kati ya hivyo ni miadi ya kutolewa, kwa sababu hakiyeyuki. Dawa huisha, kijiti hubaki.

Mafunzo hayakwenda kwa kasi hiyo. Kuweka hufundishika kwa mkono wa plastiki na foleni ya kina mama waliokuja kuwekewa. Kutoa kunahitaji mama aliyekuja kutolewa siku hiyo hiyo ya mafunzo, na hao ni wachache, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa ameweka vingi na kutoa vichache mno. Indonesia ilipitia haya mapema zaidi, ilipolazimika kutoa kwa wingi Norplant, yenye vijiti 6. Daktari mmoja wa huko, Untung Praptohardjo, alitengeneza mbinu ya kukishika kijiti katikati kwa koleo la vasektomi lililorekebishwa. Mbinu hiyo ilichapishwa mwaka 1993. Somo lilikuwepo miaka 20 kabla ya bei kushuka.

Vifaa navyo vimekaa upande mmoja. Kipandikizi huja na sindano yake ndani ya pakiti. Koleo, kisu, lignokeini na glavu za kutolea ni juu ya kituo. Lignokeini ikiisha dispensarini, mama ataambiwa akanunue, na huduma inayotangazwa kuwa ya bure inakuwa na bei.

Nimesema nitawafikia wakaidi. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2021 ulieleza wanawake walioombwa kuvumilia, waliotakiwa kutoa sababu, waliotozwa pesa. Maneno yenyewe yanajulikana: "Mama, vumilia kidogo, mwili utazoea." Ushauri una nafasi yake. Damu ya hedhi isiyotulia huweza kutibiwa kwa ibuprofeni, na wapo wanaofurahi kusikia hivyo na kubaki na kijiti chao. Lakini akisikiliza yote na kusema bado anataka kutolewa, mazungumzo yamekwisha. Kumzuia baada ya hapo ni kumlazimisha asizae, na kifungu cha 43 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya huduma ya afya ya uzazi, hakikuandikwa kwa ajili ya kuwekewa tu. Muuguzi anayeogopa kushindwa aseme kwamba anaogopa na ampe rufaa. Asiifiche hofu yake nyuma ya ushauri.

Fomu ya MOH 711 inayojazwa kila mwezi ina nafasi ya vipandikizi vilivyotolewa. Haina nafasi ya mama aliyekuja akarudishwa. Afisa wa afya wa kaunti ndogo akiisoma, kituo kilichotoa viwili kinaonekana hakina wateja, kumbe huenda kumi walirudishwa. Mstari mmoja kwenye daftari la kituo, tarehe na sababu ya kurudishwa, ungetosha kuonyesha wapi pamekosa koleo na wapi pamekosa mtu.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na mjadala wote ukawa wa vipandikizi vitakavyokosekana. Vilivyo mikononi tayari havikusimama. Waliowekewa mwaka 2024 wataanza kufikisha muda 2027 kwa Implanon, 2029 kwa Jadelle, na wengine watataka kutolewa mapema. Lignokeini, visu, glavu na kile kichwa bapa cha altrasaundi ni vitu vya kununuliwa kwa bajeti ya kaunti, na bajeti hiyo hupitishwa na Bunge la Kaunti pale pale mjini Nakuru.