Namna ya kumpima fundi anayebadilisha prosesa

Kompyuta ndogo za mezani zilizostaafishwa maofisini ng'ambo zimejaa madukani, Kariakoo hadi Luthuli Avenue: OptiPlex Micro, EliteDesk Mini, ThinkCentre Tiny. Nyingi zina i3 au i5 ya kizazi cha 6 au cha 7, na kwa kuwa prosesa hukaa kwenye soketi, haikulehemiwa kwenye ubao, mwenye nayo hutamani kuipandisha iwe i7. Kufungua, kutoa na kupachika ni kazi fupi ambayo hata mwanafunzi wa fundi huiweza. Kwa hiyo wepesi wa bisibisi haukuambii lolote. Mpime fundi kwa maswali anayoanza nayo, na kwa mambo anayofanya skrini ikibaki nyeusi.

Fundi mzuri husoma kabla ya kufungua kasha. Anataka jina kamili la mashine, chipseti, toleo la bayosi na wati za adapta. Ana sababu ya kuhoji hivyo, maana soketi hudanganya. LGA 1151 ilianza na kizazi cha 6 mwaka 2015, ikapokea cha 7, kisha mwishoni mwa 2017 Intel ikatoa kizazi cha 8 chenye umbo lilelile na pini 1151 zilezile, ila kinachotaka chipseti za mfululizo wa 300. Weka i5-8500T kwenye OptiPlex 3050: itaingia sawasawa, wenzo utafunga, na skrini haitaonyesha kitu. Mtego huu unanasa watu wengi zaidi sasa, kwa sababu orodha ya Windows 11 inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Fundi anayekuahidi kuivusha mashine ya kizazi cha 7 hadi cha 8 kwa kubadilisha prosesa peke yake hajaielewa kazi hii. Tafuta mwingine.

Kisha wati. i7-7700T imepangiwa wati 35, i7-7700 wati 65, na zote mbili zinakaa kwenye soketi moja. Kwenye kasha ambalo kipoza joto chake kilikusudiwa wati 35, hiyo ya pili huweza kuwaka na kwenda vizuri kwa muda, halafu joto likikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi ili isiungue. Umelipia kasi usiyoipata. HP iliuza EliteDesk 800 G2 Mini kwa matoleo mawili, la wati 35 na la wati 65, na fundi makini hahitimishi kwa jina lililo usoni mwa kasha. Hutazama kipoza joto na adapta. Mimi nasimamia herufi T kwa makasha haya, hata kama dukani zile zisizo na T zinauzwa kwa bei ya kuvutia.

Kwa kizazi cha 9 kuna herufi nyingine ya kuiogopa, F. Prosesa za F hazina sehemu ya picha inayofanya kazi, na kasha dogo lisilo na kadi ya picha litawaka, feni itazunguka, na hutaona hata nembo.

Ikiwa bayosi ni ya zamani, husasishwa prosesa ya awali ikiwa bado mahali pake, kwa sababu ikishatolewa mashine inaweza isiwake tena kukuruhusu kusasisha. Kabla ya hapo fundi mwenye utu atakuuliza kama diski imefungwa kwa BitLocker na kama unao ufunguo wa kuirejesha. Swali hilo moja limeokoa faili nyingi za watu.

Kwenye upachikaji wenyewe, angalia vidole. Pini za LGA ziko ndani ya soketi, nyembamba mno, kwa hiyo prosesa hushikwa kingoni, pembetatu ya dhahabu hulinganishwa na alama ya soketi, na huachwa itue yenyewe bila kusukumwa. Pesti ya joto ya zamani hufutwa yote. Mpya hutosha kiasi cha punje ya choroko. Skrubu za kipoza joto hukazwa kwa kuvuka pembe hadi pembe, kidogo kidogo.

Sasa skrini nyeusi. Hapa ndipo ufundi unapoonekana. Asiyejua huanza kununua vitu: RAM mpya, adapta mpya, mwishowe ubao. Anayejua kwanza husubiri, kwani baada ya kubadilishwa prosesa mashine huweza kujizima na kujiwasha kabla ya kutoa picha. Halafu hutazama taa ya kitufe, maana watengenezaji wengi huifanya imwekemweke kwa idadi fulani, na kitabu cha huduma hueleza kila idadi. Huchomoa umeme, hutoa betri ya CR2032 kwa dakika chache ili bayosi isahau mipangilio ya zamani, hubakiza RAM moja tu. Ikishindikana, hurudisha prosesa ya awali. Jaribio hili nalithamini kuliko vifaa vyote vya kupimia. Ya awali ikiwaka, ubao ni mzima, na tatizo ni prosesa mpya au kutopatana kwake na bayosi. Nayo ikikataa, kosa limeingia wakati wa kazi: pini imepinda, waya haukurudi, RAM haijakaa.

Kuna dalili moja ya hila. Mashine inawaka lakini nafasi moja ya RAM haisomi kijiti chochote. Wengi hulaumu RAM. Lakini kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa yenyewe, kwa hiyo pini moja iliyopinda, au kipoza joto kilichokazwa upande mmoja, hutosha kuiua nafasi hiyo. Fundi anayeinua prosesa na kuikagua soketi kwa lenzi na taa kabla ya kukuuzia RAM, huyo mrudie siku nyingine.

Usikubali kupokea kazi kwa sababu tu Windows imefunguka. Mwombe afunge mfuniko wote, aendeshe mzigo mzito kwa nusu saa, joto likisomwa kwa HWiNFO, chumbani bila kiyoyozi kama Dar es Salaam ya Februari ilivyo. Kasi ikikwama karibu na GHz 0.8 ilhali joto liko chini, aangalie adapta: mashine za Dell zisipoitambua adapta hujibana hivyo. Mwisho aonyeshe jina la prosesa kwenye CPU-Z, lilingane na ulicholipia, na akukabidhi prosesa ya zamani ikiwa imefungwa vizuri. Ni mali yako, na inafaa kwa jaribio la siku nyingine.