Mistari kwa Zamu

Fundi aling'oa kristali, kile kidude cha rangi ya fedha kinachoipigia programu mapigo, huku bango lingali linawaka. Nikashtuka. Nilitarajia mstari mmoja ubaki unawaka mpaka uungue. Badala yake bango zima likazima. "Sasa linaweza kwenda," akasema.

Hapo ni Maganzo, jirani na mgodi wa Mwadui, na bango lilikuwa la duka la Geita: TUNANUNUA DHAHABU, kwa nukta nyekundu za LED.

Mistari 8 ya bango hilo haiwaki pamoja hata mara moja. Hupokezana zamu, duru 1,000 kwa sekunde, na jicho huona maneno yaliyotulia. Lakini taa inayofanya kazi sehemu ya nane tu ya muda hufifia, hivyo lazima isukumwe kwa nguvu, na hapo ndipo ufundi ulipo. Taa ambayo ikiwashwa mfululizo isingepewa zaidi ya miliampia 20, fundi huipa 60 kwa kufumba na kufumbua, kisha huipumzisha. Karatasi ya vipimo ya kiwandani ingemruhusu zaidi. Karatasi hiyo haijakaa ndani ya boksi la bati kwenye jua la Shinyanga.

Kisha akanionyesha T ya bango jingine, lililoletwa kutengenezwa. Kichwa kilikuwa kimefifia, mguu unang'aa. Aliyeliunda alitia rezista moja kwa kila mstari, basi nukta tano za kichwa zikagawana mkondo ambao nukta moja ya mguu inaufaidi peke yake. Fundi huyu hutia rezista kwa kila safu ya wima, akizilehemu moja moja jioni nzima. Mteja hataziona kamwe. Ataona T iliyo sawa.

Mwadui inakumbukwa kwa almasi ya waridi ya mwaka 1947, karati 54.5. Mkono wa mkataji uliipunguza hadi 23.6, ndipo ikang'aa. Sifa zote zikaenda kwa jiwe.

Siku hizi mabango huja yameshafungwa, yamesukumwa yang'ae siku ya kununuliwa. Jana asubuhi nilipita kando ya moja ambalo programu yake imekwama: mstari mmoja unawaka peke yake, mwekundu wa kuumiza macho, wala hakuna wa kuupokea zamu. Niliporudi jioni ulikuwa mweusi.