Masomo ya Kununua

Jua likishakuchwa katika Lucky Summer, mtaa wa Nairobi ulio jirani na Baba Dogo na Korogocho, watoto wengi waliorudi shule hawaendi kucheza. Hushika madaftari wakaenda kusoma tena, safari hii kwa ada, na masomo yenyewe aghalabu ni mawili: hesabu na Kiingereza. Watu huyaita tuisheni. Mimi ni mwalimu. Nimepata kuyafundisha na kupokea malipo yake, kwa hiyo ila ninazozitoa hapa zinanihusu mimi pia.

Kwanza haki itendeke. Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi, madarasa yakafurika, na mwalimu mmoja hawezi kuinamia daftari la kila mtoto. Nyumbani nako chumba kimoja ndicho jiko, ndicho malazi. Mzazi atoaye shilingi zake ili mwanawe apate meza, taa na mtu wa kumwuliza, simwoni mpumbavu.

Walakini hebu tutazame kinachouzwa. Jioni moja mwanafunzi wangu alijumlisha robo tatu na nusu, akapata thuluthi mbili. Alikuwa amejumlisha vya juu kwa vya juu, na vya chini kwa vya chini. Nilikuwa na haraka, maana wenziwe kumi na mmoja walikuwa wakingoja. Nikamwandikia kanuni, akainakili, akapata moja na robo, akaenda zake ameridhika. Juma la pili alirudi na kosa lile lile. Ndipo nilipomwuliza: ulikuwa na robo tatu ya mkate, ukaongezwa nusu; mbona sasa una mkate mdogo kuliko wa kwanza? Alicheka, kisha akanyamaza kitambo. Swali hilo halikuchukua dakika mbili, nami nilikuwa nimemnyima juma zima.

Kiingereza nacho kina ugonjwa wake. Mtoto humtaja mama yake kwa neno la mwanamume, mwalimu akalipiga mstari mwekundu mara ishirini, asimwambie ya kuwa Kiswahili hutosheka na "yeye" kwa mume na mke, ilhali Kiingereza huwatenga. Badala yake humkaririsha mianzo ya insha iliyopambwa, hata insha ya msiba ikaanza kwa ndege kuimba.

Baya zaidi ni mwalimu awauziaye wanafunzi wake mwenyewe jioni kile alichokificha asubuhi. Huyo simtetei kwa lolote. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza masomo ya likizo, kwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini chumba cha jioni hakina askari mlangoni. Mtihani wa darasa la nane, ulioshutumiwa kuwa ndio mama wa tuisheni, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mama amekwenda, mtoto yungali hai.

Wewe usomaye haya, ikiwa nawe huenda huko, mwulize mwalimu wako kwa nini namba za chini hazijumlishwi. Usiogope kuonekana mjinga. Yule wangu hakuniuliza, nami sikumpa nafasi.