Kulima si Kuchimba: Msamiati wa Shamba Darasani

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hivyo yafaa tutazame jinsi tunavyofundisha maneno ya kilimo na ufugaji. Mara nyingi huwa ni orodha tu: Kiswahili upande huu, Kiingereza upande ule. Njia hiyo ni nyepesi, lakini huacha nje kazi ambayo ndiyo iliyoyapa maneno hayo maana.

Kiingereza kinachosemwa Uganda hutumia neno moja kwa kulima na kwa kuchimba. Basi mwanafunzi huandika, "Mama amekwenda kuchimba viazi." Msomaji hufahamu kwamba viazi vimekomaa na vinatolewa ardhini, kumbe shamba ndilo kwanza linalimwa! Ajabu ni kwamba Kiganda nacho kina *okulima*, kwa maana ile ile ya Kiswahili. Laiti tungeanzia nyumbani kwa mwanafunzi, kosa hilo lisingetokea.

Katika mifugo hasara ni kubwa zaidi. Orodha huandika mtamba na mbuguma kuwa ni ng'ombe jike, basi. Lakini mtamba hajazaa, na mbuguma amekwisha kuzaa. Mwenye kutaka maziwa leo akauziwa mtamba asiye na mimba, atangoja miezi tisa na zaidi. Vivyo hivyo fahali na maksai wote ni madume, ila maksai amehasiwa: huvuta plau, wala hazalishi. Samadi nayo ni mbolea itokanayo na kinyesi cha mifugo, bali si kila mbolea ni samadi. Ile ya kiwandani haiitwi hivyo.

Hatusemi kwamba orodha zitupwe, maana zinasaidia kumbukumbu. Tunasema zipangwe kwa kufuata kazi: kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna, kupura, kupeta. Tena kila neno liulizwe: kazi hii hufanywa lini, kwa chombo gani, na baada yake hufuata nini? Mwanafunzi awezaye kujibu hayo amelijua neno. Asiyeweza amekariri sauti tu, na siku atakapopeleka ng'ombe mnadani, au atakapomsikiliza bwana shamba, sauti hiyo haitamfaa kitu.