Kalafati ya Kandambili

Sori, kwenye ghuba ya Karungu kaunti ya Migori, mashua hujengwa ufuoni. Niliona nyingine ikijengwa nyuma ya jiko la ndugu zetu. Fundi ana miaka sita. Mbao yake ni kandambili ya bluu iliyokatika kamba, na karakana yake ni kivuli cha mwembe, kando ya bibi yake anayechambua maharagwe kwenye uteo.

Anaanza na omo, sehemu ya mbele ya chombo. Anaisugua ncha ya kandambili juu ya jiwe, upande mmoja kisha wa pili, anapuliza vumbi, anapapasa kwa kidole gumba, anasugua tena mpaka pande zote mbili zilingane.

Mlingoti ni kijiti cha ua. Anakisimamisha kwenye tundu la mbele, lile la katikati ya vidole. Kinacheza. Anakizungushia uzi wa wavu mkuukuu, anajaribu, anaongeza uzi, anajaribu tena. Safari hii kimekaza.

Yamebaki matundu mawili ya nyuma. Kandambili haizami hata ikitobolewa kama chekeche, lakini yeye anayaziba. Anachomoa pamba kwenye mto uliopasuka, anaisokota, anaishindilia kwa msumari, akigonga taratibu kwa kokoto. Amewaona mafundi ufuoni wakipigilia pamba kati ya mbao ili maji yasipenye, na kwake chombo kisichotiwa kalafati hakishuki majini. Hapo nilimvulia kofia. Mtoto huyu anabuni kwa uaminifu: katika alichokiona haruki hata hatua moja.

Karatasi ya mkate inakunjwa pembetatu, inakuwa tanga. Karai la vyombo ndilo ziwa. Ukingo wa huku ni Sori, wa kule ni Mbita, Homa Bay. Jiwe lililochomoza katikati ni kisiwa cha Mfangano. Mashua inashushwa, inalala ubavu. Fundi anaitazama, anaitoa, anaupunguza mlingoti kwa meno, anaishusha tena. Inasimama wima.

Kazi haijaisha, maana omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa, usiku usio na mbalamwezi. Anavuta leso ya bibi, analifunika karai, anaingiza kichwa ndani. Kizibo cha soda ndiyo taa, vipande vya nyasi ndio samaki, kiraka cha chandarua ndio wavu.

"Dani, usiongee. Wanakuja."

Bibi, ndiye huyo Dani, ananyamaza kweli, mkono umetulia juu ya maharagwe. Ni mwezi wa Juni. Upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, na mashua za watu wazima zimeegeshwa. Hii moja tu ndiyo iliyo kazini.

Leso inafunuliwa, kumekucha, soko limefunguliwa. Kizibo kingine kimekuwa gorogoro, kopo la kupimia.

"Gorogoro pesa ngapi?"

"Mia mbili, Dani."

"Ghali hiyo, baba. Niongezee basi."

Anachukua nyasi tatu, anazipanga juu ya kizibo polepole, zisimwagike. Bibi analipa maharagwe mawili. Muuzaji anayakagua moja moja, kisha anamrudishia lile lililotobolewa na wadudu.