Msitu wa Mau kwa Mkaa: Kazi ya Karatasi Tupu

Wengi wanaochora msitu kwa rangi moja hukazana kupaka weusi. Mchoro huu wa mkaa, uliochorwa Merigi, kaunti ya Bomet, ukielekea Mau, umefuata njia nyingine: ukimya wake unatokana na sehemu ambazo mkaa haukugusa.

Nyanda hizi ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukungu hutanda. Matone yake hutawanya mwanga, hivyo kadiri mti ulivyo mbali ndivyo weusi wake unavyofifia. Mchoraji ameifuata kanuni hiyo kwa tabaka tatu, akianzia nyuma. Vilima vya mbali ni unga wa mkaa uliosambazwa kwa kitambaa. Hakuna hata shina moja lililochorwa. Katikati, mitarakwa na mipodo imechorwa kwa mkaa wa vijiti, ambao haung'ang'anii karatasi na hufutika kwa urahisi. Mkaa wa kushindiliwa, uliochanganywa na gundi na wenye weusi mzito, umetumika mbele pekee, kwenye vivuli chini ya michai.

Tazama kwa karibu ukingo wa msitu. Vilele vya miti vimemezwa na weupe. Hapo kifutio laini hakikusuguliwa: kimebonyezwa na kuinuliwa, kikatoa mkaa kidogo kidogo bila kuchubua karatasi. Kabla ya vifutio vya mpira kuenea karne ya 18, wachoraji walifanya kazi hiyo kwa mkate.

Michai, kinyume chake, imekatwa kwa mstari mkali, kama inavyopogolewa shambani. Mgongano huo una maana. Tangu 1986, mashamba ya Nyayo yamepandwa chai pembezoni mwa misitu ili kuzuia uvamizi. Mstari mgumu unakutana na ukingo uliofifia, na jicho linaelewa mara moja ni upande upi ulipangwa na binadamu.

Mchoraji Hasegawa Tōhaku wa Japani aliijua nguvu ya sehemu tupu mwishoni mwa karne ya 16: katika misonobari yake ya wino, sehemu kubwa ameiacha tupu, na ukungu unaonekana.

Anayetaka kujifunza aanze na umbali, auweke akiba weusi mzito hadi mwisho, na aamue mapema ni wapi hatagusa kabisa. Uamuzi huo wa mwisho ndio mgumu, na ndio unaoupa msitu hewa.